Aongeze Mboga, Apunguze Mboga: Kisa cha Mzee M. na Safari ya Kuacha Nyama

Kisa hiki kimetoka katika kliniki ya lishe ya hospitali moja Kaskazini mwa Tanzania. Majina, mahali na kazi vimeondolewa au kubadilishwa. Nimekiandika kwa ajili ya maafisa lishe wenzangu, wauguzi wa kliniki za kisukari, na kila nyumba ambamo mtu aliambiwa "punguza nyama" kisha akaachwa ajipangie mwenyewe.

Usuli

Mzee M. ana miaka hamsini na kitu. Ana duka, mke na watoto wanne, wawili kati yao bado wako nyumbani. Kisukari aina ya pili kiligundulika miaka tisa kabla ya kisa hiki, na tangu siku hiyo anameza metformini, dawa ya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Presha ilifuata baadaye. Siku aliyofika kwangu alikuwa na kilo 97 na presha ya 156 kwa 96. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ilikuwa asilimia 8.9.

Nilimwomba anisimulie alichokula jana yake tangu alipoamka. Asubuhi supu ya kongoro na chapati mbili jirani na dukani. Mchana wali nyama. Jioni ugali na nyama ya kukaanga, na mchicha kidogo pembeni, ambao alisema ni wa kupambia sahani. Jumamosi ni nyama choma na wenzake wa miaka mingi. Mwisho wa mwezi familia hupanda kwa bibi, migombani, na huko mgeni haondoki bila kuchinjiwa.

Mkononi alikuwa na karatasi ya daktari: "Apunguze nyama nyekundu, aongeze mboga." Karatasi zenye maneno hayo nimeziona nyingi, na sikuwahi kuyatafakari hadi Mzee M. aliponiuliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa binti yangu, nipunguze au niongeze?" Huku kwetu tukiulizana mboga leo ni nini, jibu linaweza kuwa nyama, dagaa, maharage au mchicha. Mboga ni kile kinachoushusha ugali. Kwa lugha ya nyumbani kwake, daktari alikuwa amemwambia aongeze na apunguze kitu kilekile.

Yeye mwenyewe alitaka kwenda mbali zaidi ya ile karatasi. Mwanawe anayesoma chuo alikuwa amemweleza kwamba mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa katika kundi la visababishi vya saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Mzee M. pia alikuwa amemuuguza kaka yake aliyekatwa mguu kwa kisukari. Akasema anataka kufika mahali ambapo chakula chake kinatoka shambani tu. Nikamwambia tutakwenda polepole. Hilo lilikuwa sahihi. Makosa yalikuwa katika namna tulivyokwenda.

Mwezi wa kwanza hadi wa tatu

Mwezi wa kwanza hatukuondoa chochote, tulipunguza kiasi. Nyama iliyokuwa ikipikwa kilo nzima ikawa robo, ikatupiwa ndani ya sufuria ya makande au ndizi. Wazo lilikuwa nyama iwe kiungo, isiwe mboga yenyewe. Halikumsumbua. Ladha ilikuwepo, rojo lilikuwepo, na kwa watu wengi ambao nimewahi kuwashauri, rojo ndilo linalokumbukwa kuliko mnofu.

Mwezi wa pili tukaweka Jumatatu hadi Alhamisi bila nyama. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, mara tatu kwa mpigo.

La kwanza lilikuwa tumbo. Mtu aliyekuwa akila maharage mara moja kwa wiki sasa alikula kila jioni, na yalikuwa yamepikwa bila kulowekwa. Akajaa gesi, akakosa usingizi, akaona haya kukaa na wateja dukani. Wiki ya pili akasema maharage yanamdhuru.

La pili sikulijua hadi nilipoona vipimo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, iliyokuwa milimoli 9.8 kwa lita, ilipanda hadi 11.4. Tumeondoa nyama, sukari inapanda? Nikampa sahani na udongo wa mfinyanzi tunaotumia kufundishia vipimo vya chakula, nikamwomba aniumbie ugali wa jana. Akaumba mlima. Nyama ilipoondoka sahani ilibaki na nafasi, naye akaijaza kwa ugali, kwa sababu mchicha haukumshibisha na maharage alikuwa akiyaogopa. Mchana, badala ya wali nyama, alikuwa akinunua chipsi na kachumbari. Chipsi nazo hazina nyama, kwa hiyo kwa hesabu yake alikuwa ndani ya makubaliano.

La tatu lilikuwa sherehe. Mpwa wake alikuwa na harusi, ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ikaletwa, na yeye kama mjomba alipewa kipande mbele za watu. Akala. Kwangu halikuwa kosa hata kidogo. Lakini kwa kuwa hatukuwa tumeizungumzia siku kama hiyo, aliona ameshavunja kila kitu, na wiki mbili zilizofuata akarudi kwenye supu kila asubuhi.

Aliporudi kliniki alikuja na mkewe kwa mara ya kwanza. Mama M. alikaa kimya robo saa nzima, kisha akasema: "Daktari, mimi ndiye ninayepika. Mnakubaliana hapa halafu mimi naletewa matokeo. Maharage ya kila siku yanakula mkaa kuliko nyama, na baba watoto akinuna, ananunia jikoni."

Ilinichoma, maana alikuwa na haki. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikimshauri mlaji, mpishi sijamwamkia.

Tulichobadilisha, na kwa nini

Kuanzia hapo tulipanga na Mama M. kwanza.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Sehemu kubwa ya gesi inatokana na aina za sukari ambazo utumbo wetu haumeng'enyi, bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozila na kutoa hewa. Kuloweka na kumwaga maji kunazipunguza. Kunapunguza pia muda wa kupika, na kwa Mama M. hilo ndilo lililobeba uzito. Akaanza kupika kilo mbili kila Jumamosi na kuziweka kwenye friji ya barafu kwa mafungu, jioni anabaki kuunga tu. Kwa mwezi mmoja tuliyaacha maharage makubwa kabisa, tukatumia choroko na dengu, ambazo tumbo lake lilizipokea vizuri, ndipo kunde na maharage yakarudishwa kidogo kidogo.

Magadi yalizua mjadala mrefu. Kwao kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, hutiwa magadi ili maharage yalainike upesi na chakula kipate ile ladha yake. Magadi ni madini ya sodiamu, na mtu wa presha akiyala kila siku ni kama ameongeza chumvi kwa mlango wa nyuma. Yanaharibu pia vitamini B1 iliyomo kwenye maharage. Kwa upande mwingine, kiburu ndicho chakula pekee kisicho na nyama ambacho Mzee M. alikipenda tangu utotoni bila kuambiwa na hospitali. Kumwondolea hicho kungekuwa ukatili na pia ujinga. Tukakubaliana maharage ya siku za kazi yasitiwe magadi kabisa, na kiburu cha Jumapili kitiwe kidogo.

Ugali tuliupima kwa ngumi yake mwenyewe, moja. Nusu ya sahani majani, mnafu, mchicha, matembele au kisamvu, na robo iliyobaki jamii ya kunde. Ili majani yashibishe, Mama M. akayaunga kwa karanga za kusaga. Kwanza alitaka kuunga kila kitu kwa tui la nazi, na nikamwomba asifanye hivyo kila siku, kwani mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina ileile tunayoikimbia kwenye nyama ya mafuta. Tui likabaki la kunde, mara moja kwa wiki.

Suala la rojo lilitatuliwa na jirani yao Msabato. Kanisa la Waadventista limefundisha ulaji wa mimea kwa zaidi ya karne moja, na akina mama wake wana ujuzi wa jikoni ambao sikuukuta kwenye kitabu chochote nilichosomea. Alimfundisha Mama M. kukaanga kitunguu hadi kiwe kahawia kweli, kukausha nyanya hadi mafuta yajitenge, na kuloweka nyama ya soya kwenye maji ya tangawizi, vitunguu saumu na ndimu kabla ya kuikaanga. Mzee M. alipoionja mara ya kwanza aliuliza nani kachinja.

Sherehe tuliziandika nje ya mpango. Harusi, msiba, Krismasi na kwa bibi, atakula anachopewa, na kesho yake chai na mihogo ya kuchemsha kama kawaida. Jumamosi alikataa kuziacha, nami sikumlazimisha. Aliendelea kwenda, kuagiza, kulipa, hata kuwakatia wenzake nyama, naye akala ndizi choma mbili na kachumbari ya kutosha. Wiki mbili walimuuliza kama amehamia kwa Wasabato. Wiki ya tatu wakazoea.

Mwezi wa nne hadi wa kumi na moja

Miezi iliyofuata ilikwenda vizuri kiasi cha kunifanya nilegeze macho, na hili naliandika kwa uchungu.

Kufikia mwezi wa saba nyama nyekundu ilikuwa imetoka kwenye siku za kawaida. Dagaa mara tatu kwa wiki, mayai mara mbili na maziwa kwenye chai vilibaki. Mpango wangu ulikuwa abaki hapo nusu mwaka. Sukari ikashuka, daktari akampunguzia dawa ya pili ya sukari aliyokuwa akiitumia pamoja na metformini, baada ya siku moja ya kutetemeka na jasho jingi dukani kwa sababu sukari ilishuka mno. Hilo nalo tulipaswa kulitarajia: chakula kikibadilika, dozi za zamani zinaweza kuwa kubwa.

Mwezi wa nane, akiwa na furaha ya nguo zinazomlegea, aliacha dagaa, mayai na maziwa, vyote kwa mpigo mmoja. Hakuniambia kwa sababu hakuona la kuniambia. Alikuwa akitangulia kwenye njia niliyomwonyesha mwenyewe. Aliponieleza mwezi wa tisa nilimpongeza. Nilimuuliza kuhusu protini, akanijibu vizuri. Sikumuuliza kuhusu vitamini B12, ambayo haimo kwenye mimea.

Mwezi wa kumi alilalamika ganzi kwenye vidole vya miguu na nyayo kuwaka moto usiku. Kwa mgonjwa wa kisukari wa miaka tisa maelezo yako tayari mdomoni: ni neva, ni sukari ya zamani. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili. Mwezi wa kumi na moja Mama M. akaniambia pembeni kwamba mumewe amekuwa msahaulifu, ulimi unamuuma, na akipanda ngazi anashika ukuta. Sukari yake wakati huo ilikuwa nzuri kuliko miaka yote. Kwa nini neva ziharibike sasa?

Daktari aliagiza picha kamili ya damu. Chembe nyekundu zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Sampuli ikapelekwa maabara ya nje kwa kipimo cha B12, jibu likarudi pikogramu 137 kwa mililita. Chini ya 200 huhesabiwa kuwa upungufu.

Matokeo

Alianza sindano za B12 wiki hiyo hiyo, kisha vidonge ambavyo ataendelea navyo. Dagaa walirudi mara mbili kwa wiki, kwa uamuzi wake na mkewe. Miezi mitatu baadaye ulimi ulikuwa umepona, kuwaka moto kumeisha, na kumbukumbu, kwa ushahidi wa Mama M., imerudi. Ganzi ya vidole viwili vya mguu wa kushoto haijaondoka.

Mwezi wa kumi na nne uzito ulikuwa kilo 86, presha 134 kwa 84, HbA1c asilimia 7.1. Metformini anaendelea nayo. Nyama anaila kwenye sherehe tu, na amesema hana hamu ya kuirudisha nyumbani.

Uchambuzi

Nianze na B12, kwa kuwa hapo ndipo tulipomdhuru mtu aliyetuamini.

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mchicha hauna, maharage hayana, karanga hazina. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo maana wengi wetu tuna mazoea ya kudhani kwamba anayeacha nyama ana muda mrefu wa kujipanga. Kwa mtu mwenye akiba kamili ni kweli. Lakini metformini hupunguza ufyonzwaji wa B12 utumboni, na hatari huongezeka kadiri dozi na miaka inavyozidi. Pipa la Mzee M. lilikuwa likivuja taratibu kwa miaka tisa, na bomba ndilo lililokuwa likilijaza. Mwezi wa nane bomba likafungwa, nasi tukapiga makofi.

Dalili zake zikajificha nyuma ya ugonjwa tulioujua. Ganzi ya kisukari na ganzi ya upungufu wa B12 zinafanana sana kwa maelezo ya mgonjwa. Kuna na mtego mwingine: chakula chenye majani na kunde nyingi kina foleti nyingi, nayo ni vitamini B9, na foleti inaweza kuifunika anemia, yaani upungufu wa damu, inayoletwa na ukosefu wa B12 huku neva zikiendelea kuumia. Kwa hiyo haimoglobini nzuri, yaani kipimo cha wingi wa damu, haitoshi kumtuliza mtu. Baadhi ya unga wa viwandani nchini hurutubishwa kwa madini na vitamini, B12 ikiwamo, lakini familia hii inasagisha dona kwenye mashine ya mtaani, ambako mahindi yanatoka kama yalivyoingia.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni ile hatua ya kwanza isiyoondoa kitu. Robo kilo ndani ya makande ilimpa Mama M. mwezi mzima wa kujaribu bila mtu kununa. Ningeanza upya leo, ningeirefusha iwe miezi miwili, na kuloweka maharage kungefundishwa humo, kabla hayajawa mlo wa kila siku. Kutenga sherehe nje ya mpango nako kulifaa. Nyama ya Jumamosi na ndafu ya harusi zina kazi ambayo haihusiani na njaa. Zinasema wewe ni wetu. Mzee M. alipogundua kwamba anaweza kuendelea kuagiza na kukata bila kula, heshima yake ilibaki mezani, na hapo vita vingi vikaisha.

Hesabu ya ugali ni kosa ambalo naliona kila wiki kwa wagonjwa wengine pia. Tunapomwambia mtu aache kitu bila kusema kitakachokaa mahali pake, wanga ndio unaohamia, kwa sababu ndio wenye bei nafuu na ulio karibu.

Niongeze jambo ambalo nusura linipite. Sufuria ni moja, walaji ni wanne. Binti yao wa miaka kumi na tisa alikuwa amemfuata baba yake kwa moyo wote, na mwezi wa kumi na mbili alikutwa na haimoglobini ya 10.2. Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, na familia hii hunywa chai ya rangi pamoja na chakula, tabia inayozidi kuyazuia. Alipewa vidonge vya chuma, chai ikasogezwa saa moja baada ya mlo, ndimu au chungwa likaingia mezani, na dagaa zake hazikuwahi tena kuondolewa. Mimi nilikuwa na faili la mtu mmoja, kumbe nilikuwa nabadilisha chakula cha nyumba nzima, pamoja na msichana ambaye mahitaji yake ya chuma ni makubwa kuliko ya baba yake.

Fomu yetu ya mahojiano ya kwanza sasa ina mistari mitatu ambayo haikuwepo: nani anapika, nani wengine wanakula sufuria hiyo, na metformini imetumika miaka mingapi. Ikizidi minne na mgonjwa anakusudia kupunguza vyakula vya wanyama, anamwona daktari kuhusu B12 kabla ya kupunguza chochote. Na mpishi anaitwa siku ya kwanza, hata kama ni kwa simu.